Maduka ya kompyuta Kampala, hizo wati 650 mnazotuuzia ziko wapi?

Wakuu, leo salamu fupi, nina hasira na pawasaplai niliyouziwa, kile kiboksi ndani ya kompyuta kinachoigawia umeme.

Mimi nahariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulishana), hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi na karo. Nilipata kadi ya grafiki iliyotumika, RTX 3080, nzima haina kasoro. Nikaenda nayo duka moja la katikati ya mji, nikaiweka mezani, nikasema wazi: kadi ndiyo hii, prosesa ni Ryzen 5 5600X, nipe pawasaplai ya kuibeba. Kijana akatoa boksi jeusi, 650W kwa maandishi makubwa ubavuni, kibandiko cha 80 Plus juu yake. "Hii nyabo, hata kadi mbili inabeba." Wakanifungia wao wenyewe, nikalipa.

Kompyuta inawaka vizuri. Utatazama filamu, utaandika, utakata vipande vya video bila shida. Ngoja sasa uanze kutoa video iliyokamilika, kadi ifanye kazi yake: inazima pu! Hakuna onyo, hakuna skrini ya bluu. Bwana harusi anapiga simu, mama wa bibi harusi anapiga simu, na mimi nabonyeza kitufe cha kuwasha.

Dukani wakaanza hadithi. Kwanza ni umeme wa Uganda. Halafu ni virusi. Halafu kadi yangu "imechoka". Mwisho nikaonyeshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Umeme wa Uganda? Taa ya chumbani haijapepesa, friji inanguruma, jirani anaangalia mpira, inazima kompyuta peke yake na tena pale tu kadi inapobanwa! Nikaipeleka kadi kwa rafiki yangu wa mtaa wa Ntinda, yeye ana pawasaplai ya kweli ya wati 750. Ikatoa video usiku kucha bila kukohoa. Kwa hiyo kadi haijachoka, na virusi vimekufa njiani.

Nikafungua kasha la kompyuta nikasoma, kwenye kibandiko cha pawasaplai, lile jedwali dogo la ampea ambayo hakuna muuzaji anayekuonyesha. Njia ya volti 12: ampea 24. Zidisha mwenyewe, 12 mara 24 ni wati 288. Basi. Kadi ya grafiki na prosesa hula kwenye njia hiyo ya volti 12, na RTX 3080 peke yake imepangiwa wati 320. Prosesa haijaonja, feni hazijaonja. Nikajumlisha na zile za volti 5 na volti 3.3, ambazo kadi haina haja nazo, nikaongeza na vile vijinjia vidogo vya mwisho: haifiki hata 550. Yaani 650 imeandikwa tu, haimo hata kwenye hesabu ya kibandiko chao wenyewe! Pawasaplai ya kweli ya wati 750 utakuta njia ya volti 12 ina ampea 62 hivi, karibu nguvu yote iko hapo. Nvidia wenyewe, wenye kadi hizi, wanapendekeza 750 kwa kadi hii, na wanaweka nafasi kwa sababu hawajui una prosesa gani. Kwa prosesa ndogo kama yangu, 650 ya mtengenezaji mwaminifu ingeweza kuvumilia. Hii yangu ni kumfungia boda trela la lori.

Na kadi hizi hazili umeme kwa utulivu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinaruka juu ya kiwango chake kwa mbali. Jambo hilo linajulikana mpaka Intel, katika ATX 3.0, mwongozo wa kutengenezea pawasaplai wa mwaka 2022, ikaandika kwamba pawasaplai zenye plagi mpya ya pini 16 zihimili mruko wa hadi mara mbili ya nguvu yake kwa mikrosekunde 100. Boksi langu halihimili hata mwendo wa kawaida.

Lakini kilichonitoa machozi ya hasira ni waya. Kadi ina matundu mawili ya pini 8. Boksi lao lina waya mmoja tu wa pini 8. Unajua walifanya nini? Wakachukua plagi ya SATA, ile ya kulishia diski ngumu, wakaichomekea adapta ya pini 8, wakaificha nyuma ya kasha. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Tundu la pini 8 linaruhusiwa kuvuta 150. Nilipoichomoa, plastiki ilikuwa imeshakuwa ya kahawia na inanuka. Hiyo kompyuta iko kwenye chumba wanacholala watoto wangu. Fundi aliyefanya hivyo anajua alichofanya, kwa sababu aliificha.

Kile kibandiko cha 80 Plus nacho kisimzuge mtu. Hata kikiwa halali kinapima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinapotea njiani, hakisemi pawasaplai itabeba kadi gani. Na modeli zilizopimwa kweli zimeorodheshwa mtandaoni kwa jina. Hii yangu haimo.

Ninachotaka ni pesa yangu yote irudi, maana nililipia wati 650, na kadi na prosesa zikapewa 288. Na maduka yote, mteja akitaja kadi kubwa, geuzeni boksi asome ampea za volti 12 kabla hajatoa shilingi. Kama duka halina pawasaplai ya kutosha, liseme hatuna, mtu aende kwingine.

Wa Kampala, Jinja, Mbarara, Gulu, mwenye boksi jeusi lisilo na jina la mtengenezaji: zima, chomoa ukutani, fungua ubavu, uangalie kama kadi yako inalishwa kwa waya wa SATA. Ukiukuta, usiiwashe tena. Weka hapa picha ya jedwali la ampea, nakwenda nazo dukani Jumatatu.