Wauza nguo za 3D, wahusika wetu wanakaa chini! Acheni kutuuzia nguo za mtu aliyesimama

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo sitaificha.

Siku ya nne hii sijalala vizuri kwa ajili ya khanga. Khanga ya kwenye kompyuta, ya kumvalisha mhusika. Nina kazi ya picha za hadithi ya watoto, kurasa 12, na mteja anazitaka Ijumaa. Ukurasa wa kwanza bibi kakaa kwenye mkeka, kanyoosha miguu, anachambua mchele. Wa tatu mama kachutama mbele ya mafiga anapuliza moto, tunamwona kwa nyuma. Wa tano kainama anafagia uwanja. Hakuna ukurasa ambao mtu kasimama wima katandaza mikono kama msalaba.

Nikanunua khanga kwenye duka moja la mtandaoni, dola 18. Maelezo yalisema inafuata mwili katika mkao wowote. Nikamvalisha bibi akiwa amesimama, ikakaa vizuri sana, hadi nikafurahi. Nikamkalisha. Mapaja yote mawili yakatoboa kitambaa, na pale katikati khanga ikazama ikawa suruali. Suruali, wakuu! Bibi wa watu kavaa khanga, nikimkalisha anakuwa na miguu miwili ya suruali na utando katikati kama mguu wa bata.

Nikamchutamisha mama, nikageuza kamera nyuma. Jina la khanga nilikuwa nimeandika MGENI NJOO MWENYEJI APONE. MGENI NJOO ikabaki mguu wa kushoto, APONE ikaenda mguu wa kulia, herufi zimevutika hadi zimekaribia pindo. MWENYEJI limezama lote katikati ya miguu, halionekani.

Sababu inajulikana, wala si siri. Mtengenezaji kachukua nguo, kabonyeza kitufe cha kunakili uzito wa mifupa (yaani kila mfupa wa mhusika unavuta sehemu gani na kwa kiasi gani) kutoka kwenye mwili, basi. Kila nukta ya nguo inatafuta nukta ya ngozi iliyo karibu nayo na kuufuata mfupa huohuo. Kwa shati la kubana hiyo inatosha. Kwa khanga, nusu ya kitambaa inafuata paja la kushoto, nusu paja la kulia, na zile nukta za katikati, ambazo kwa kweli hazijagusa mguu wowote, zinagawanywa kwa nguvu. Khanga halisi haifuati paja. Inaning'inia, inatandazika juu ya magoti, inalala chini kwenye mkeka. Hakuna mfupa wa mwili unaojua kufanya hivyo, na anayetengeneza nguo za kuuza anapaswa kulijua hilo kabla ya mimi mnunuzi.

Halafu nikafungua wavu wenyewe, yaani umbo la nguo lililoundwa kwa nukta na mistari. Nikakuta ni bomba! Bomba lililofungwa pande zote, na ule upande unaokunjwa mbele umechorwa tu kwa mstari kwenye picha. Hakuna tabaka la ndani, hakuna ncha iliyochomekwa kiunoni. Huyu mtu hajawahi kumwona mama akijifunga khanga? Khanga ni mstatili, karibu sentimita 150 kwa 110, ina pindo, ina mji, ina jina. Haijashonwa popote zaidi ya kukunjwa ncha zake. Ukiitengeneza kama sketi si khanga tena.

Nikawaandikia dukani. Jibu: bidhaa imejaribiwa kwenye mikao ya kusimama na kutembea, na pesa hairudishwi kwa sababu faili nimeshalipakua. Sasa neno "wowote" walilitoa wapi?

Na kuna ushauri ninaopewa kila nikilalamika, nao umenichosha kuliko duka. "Ficha ngozi iliyo chini ya nguo." Kwenye suruali sawa. Khanga inafunguka mtu akipiga hatua au akikaa, ukificha mguu unaona shimo tupu ndani. "Kata picha kiunoni." "Weka ungo mbele ya magoti." Yaani nipange hadithi nzima kwa kukimbia kasoro ya nguo niliyoilipia?

Msiniambie kwamba teknolojia haijafika. Poser, programu ya kupanga mikao ya watu wa 3D, ilileta nguo zinazofuata mwili mwaka 1999, na mwaka 2002 toleo la 5 likaleta chumba cha kitambaa, nguo inaanguka na kukunjamana yenyewe. Ni zaidi ya miaka ishirini. Programu ya 3D ya Blender inafanya kazi hiyo bure kabisa. Kinachokosekana ni mtu kukaa nusu siku akamkalisha mhusika chini kabla ya kuandika bei.

Mimi hatimaye nimeanza upya Blender. Nimechora mstatili, nikauzungusha kiunoni, tabaka juu ya tabaka, nikabana nukta za pale panapochomekwa tu, kingine chote nikakiacha kianguke. Mara ya kwanza kitambaa kilishuka polepole kama kiko ndani ya maji na kupenya mwilini. Nusu siku ikapotea kabla sijagundua kwamba mwili niliouhamisha ulipimwa kwa sentimita na Blender inahesabu kwa mita, kwa hiyo bibi wa sentimita 158 akaingia akiwa jitu la mita 158. Ile nafasi ya mita 0.015 ambayo programu inaiacha kati ya nguo na mwili, kwa jitu kama hilo ni sawa na hakuna. Nikampunguza mara mia, kitambaa kikapata uzito wake.

Pia usimkalishe kwanza ndipo umvalishe. Fremu (picha moja ya mwendo) ya 1 asimame, fremu ya 60 awe ameshakaa, kisha mwachie fremu kama 30 nguo itulie. Kwenye kuchutama paja linagusana na shavu la mguu, kitambaa kinabanwa katikati na kuruka hovyo, kwa hiyo mimi nilimchutamisha pungufu kidogo, nikamalizia kwa brashi. Bibi wa mkekani sasa yuko sawa. Khanga imelala juu ya magoti, imeshuka katikati taratibu kama bonde dogo, unaona kabisa ungo ungekaa hapo. Mama wa mafigani jina linasomeka lote.

Ninachodai kwa wauzaji, pamoja na nyinyi wenzetu mnaouza humu ndani: wekeni picha ya mhusika aliyekaa chini, aliyechutama na aliyeinama, kutoka mbele na nyuma, bila kuficha ngozi. Kama nguo ni ya kusimama tu, andikeni ni ya kusimama tu, ninunue nikijua.

Nimeambatisha picha za kabla na baada. Mwenye kanzu au baibui iliyokaa vizuri kwa mtu aliyekaa chini atupie hapa, aseme amefanyaje mapajani. Ukurasa wa tano, wa kufagia, bado haujakubali. Akiinama, ile ncha ya kiunoni inachomoka kila mara.