"Tarehe inatosha"!! Miezi minne ya kazi yangu imefungwa kwa maneno mawili

Wakuu, mods msiuhamishie uzi huu Jukwaa la Teknolojia, kule wanapita watu wanne. Mikono inanitetemeka tangu asubuhi.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule msimamizi wa ile programu huria ya uhasibu ambayo nusu ya humu tunaitumia, anayejibu watu kana kwamba maneno anayakopa kwa riba. Leo saa mbili asubuhi amefunga kiraka changu, yaani mabadiliko ya msimbo niliyomtumia ayaingize kwenye programu. Jibu lake zima: "Tarehe inatosha."

Basi. Nukta. Akafunga.

Nilichotaka ni kila muamala uwe na muhuri wa saa. Dada yangu ni wakala wa pesa za simu Mbagala. Mwisho wa mwezi anapiga miamala hata 200 kwa siku, na kila meseji inakuja na saa na dakika yake. Programu inaitupa saa, inabaki na tarehe. Jioni floti, yaani salio la laini yake ya uwakala, ikipungua 50,000 aanzie wapi kutafuta? Miamala yote ni ya tarehe 31, imebanana kama abiria wa mwendokasi Kimara alfajiri, hujui nani kamtangulia nani. Daftari linawapanga walioweka pesa wote juu, waliotoa wote chini, floti inasoma hasi mchana kweupe! Laini ya wakala inakwenda hasi wapi, wakuu?

Na sikukurupuka. Nilifuata ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa, tofauti ya saa ikiwemo: 2025-01-31T15:42:00+03:00. Mtego wa UTC, saa ya marejeo ya dunia ambayo sisi tuko saa tatu mbele yake, niliujua. Muamala wa saa nane usiku tarehe mosi Februari hapa kwetu, kwa UTC bado ni saa tano usiku tarehe 31 Januari. Ukizembea, mauzo yanahama mwezi na VAT inayafuata. Kwa hiyo tarehe ya kitabu sikuigusa, saa nikaifanya ya hiari, mafaili ya zamani yanafunguka kama yalivyo. Majaribio 61, yote yanapita. Usiku, watoto wamelala, miezi minne.

"Tarehe inatosha."

Fundi cherehani akikuunguzia suruali anasema pole. Huyu hata asante hana!

Mzee wa Debiti: Umeandika gazeti. Nina miaka 19 kwenye uhasibu, mizania haijawahi kuniuliza saa. Tarehe inatosha.

Mtoa mada: Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inatoka na saa, mzee wangu. Mizania haikuulizi, ila dada yangu ananiuliza kila jioni.

Kisu Butu: Kiraka kina mistari mingapi?

Mtoa mada: 2,300 hivi.

Kisu Butu: Hahaaa! Umempelekea mtu ng'ombe mzima mlangoni wakati hajakuagiza hata maini.

Mtoa mada: NILIMUULIZA kabla sijaanza. Akaweka kidole gumba!

Kisu Butu: Kidole gumba ni mahari?

Binti Leja: Jibu lake ni la kihuni, silitetei. Ila saa imeshawatesa watu kwenye uhasibu. GnuCash, programu nyingine huria ya uhasibu, wanaiandika tarehe ya muamala kama saa 10:59 UTC ili mtu akihama ukanda wa saa siku isihame naye. Pengine anaogopa kuingia humo.

Mtoa mada: Dada, ndiyo maana saa na tarehe nimezitenganisha. Angefungua faili la kwanza tu angeliona hilo. Amefunga bila kufungua!

Nyundo ya Tandika: Afadhali wewe umejibiwa. Mimi nilirekebisha neno moja, wameandika "stakabazi" kwenye menyu. Huu mwaka wa pili, kimya.

Mzee wa Debiti: Ni stakabadhi.

Nyundo ya Tandika: Ndiyo nilichorekebisha, mzee.

Kisu Butu: Nani anasema stakabadhi siku hizi? Risiti.

Mzee wa Debiti: Nenda ofisi yoyote ya serikali ukaone inaitwaje.

Mama Floti: Mtoa mada, dada yako ni wakala Mbagala ipi? Mimi nipo Rangi Tatu, kamisheni ya mwezi huu ni aibu tupu, hata kodi ya fremu haifiki.

Binti Leja: Kamisheni wanakata kodi ya zuio kabla haijakufikia, umeiangalia?

Mama Floti: Nimeiangalia nikalia. Na juzi nimepigwa noti bandia mbili za 10,000.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Miezi minne! "Tarehe inatosha"!

Nyundo ya Tandika: Mama Floti, hizo noti uliziona papo hapo au ulipofika benki?

Mama Floti: Benki, mwanangu. Yule dada wa dirishani akazipasua mbele yangu watu wote wanaona.

Kisu Butu: Pole sana mama. Weka uzi wake.