Mrejesho: mkaa umepungua jikoni kwetu Igoma, Mwanza

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri nianzie wapi kupunguza mkaa na taka nyumbani, nikiwa sina hela ya jiko la gesi. Asanteni sana.

Kilicholeta tofauti kubwa ni maharage. Nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, nayachemsha kwa nguvu dakika 15 hivi, kisha nafunika sufuria na kuitumbukiza kwenye kikapu cha ukindu nilichokijaza vitambaa na blanketi kuukuu. Joto halina pa kutokea, kwa hiyo yanaendelea kuiva nami niko sokoni. Mchana nayarudisha motoni kidogo tu, naunga nyanya na vitunguu. Mama mkwe alikataa katakata mwanzoni. Sasa na yeye ana kikapu chake. Mkaa unaobaki nauzima nje ndani ya debe lenye mfuniko, kesho nauwasha tena.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, ila vile vifuko laini bado vinazagaa. Dagaa wa soko la Mwaloni nawafuata na ndoo yangu. Mvua ikinyesha, taka za mitaroni zinaingia Mto Mirongo na kuishia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Hilo linaniuma kweli.

Maganda ya ndizi nayafukia kwenye tuta la mchicha.

Limebaki la kukinga maji ya mvua. Mliofunga gata kwenye nyumba ya kupanga, mlikubaliana vipi na mwenye nyumba?