Kanisa la Conques, Ufaransa: kuta nene vile na vidirisha vidogo, walikuwa wanaogopa nini?

mdadisi77: Wakuu habari, tangu jana naangalia picha za kanisa la Sainte-Foy pale Conques kusini mwa Ufaransa, la karne ya 11 na 12. Kuta nene kama ngome, madirisha finyu, matao yote nusu duara. Jamaa mmoja kanambia ni sababu ya vita eti watu walikuwa wanajificha humo. Ni kweli au kanipanga? Na kale kakijiji kalitoa wapi hela?

fundi_tao: Kakupanga mkuu. Tatizo ni dari. Ile ni dari ya mawe, imepinda kama pipa lililopasuliwa katikati, iko juu zaidi ya mita 20, na tao la mawe siku zote linataka kuchanua miguu, yani linasukuma kuta nje mchana na usiku. Sasa ukitoboa dirisha kubwa umejidhoofishia ukuta mwenyewe. Hiyo ndo Kiromaneski, mtindo wa ujenzi wa enzi hizo, zile nguzo za nje zenye matao ya kuegemeza ukuta zilikuja baadaye na mtindo uliofuata, Kigothiki. Ila Conques walicheza akili, pembeni kuna roshani za ghorofani zenye dari ya nusu tao, hizo ndo zinapokea ule msukumo wa dari ya kati na kuushusha chini. Kwa hiyo mwanga wa katikati unapitia kwanza huko pembeni.

bibi_historia: Hela ni mahujaji, na mahujaji walifuata masalia ya Mtakatifu Foy, binti aliyeuawa kwa imani yake kule Agen, mji mwingine wa Ufaransa. Sasa sikia utamu, masalia yenyewe YALIIBWA. Karne ya 9 mmonaki wa Conques alihamia Agen, masimulizi yanasema akakaa kama miaka kumi mpaka akaaminiwa kulinda kaburi, halafu akabeba akarudi nayo 😂 Wenyewe hawakuita wizi, walisema mtakatifu ndo kataka kuhama. Conques ikawa kituo kwenye njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela kule Hispania, ndo maana nyuma ya altare kuna njia ya kuzunguka, watu wanapita kuhiji bila kuwavuruga wamonaki kwenye ibada.

mdadisi77: Duh, mwizi mvumilivu huyo! Na zile sanamu juu ya mlango wa magharibi?

bibi_historia: Hukumu ya Mwisho, watu 124 wamechongwa pale. Kristo katikati, waliookoka mkono wake wa kuume, motoni kushoto, na motoni ndo mchongaji alijiachia, kuna bahili kanyongwa na mfuko wake wa hela shingoni, hata mghushi sarafu yumo. Rangi za zamani bado zinaonekana kwa mbali. Angalia na ukingo wa tao, kuna visura vinachungulia kama watoto nyuma ya pazia, mi navipenda kuliko malaika wote.

fundi_tao: Kuongezea tu, minara miwili ya mbele isikuchanganye, imekamilishwa karne ya 19. Na vioo vya sasa ni vya 1994, kazi ya mchoraji Mfaransa Pierre Soulages, madirisha 104 na hakuna rangi hata moja, kioo cheupe kisichopitisha picha ya nje, mistari myeusi tu imepinda.

mdadisi77: Kumbe! Mi nilidhani vioo vimevunjika wakaziba kwa muda 🙈 narudi kuangalia visura.