Tupeane uzoefu: nani mwingine aliinuliwa na maigizo baada ya maisha kumwangusha?

Ndugu zangu, salaam.

Humu tumesoma simulizi nyingi za watu waliopita kwenye magumu, na nyingi huishia kwenye maombi, biashara au ndoa mpya. Sina neno na hayo. Mimi kilichoniinua ni maigizo, na nataka kujua kama niko peke yangu.

Nilifiwa na mwanangu, kijana mkubwa tayari. Kilio chenyewe nilikimudu. Kilichonimaliza ni miezi iliyofuata, pale ambapo hakukuwa na mtu aliyenihitaji kwa lolote. Kila aliyekuja alikuja kunipa: pole, chakula, nasaha. Nikawa mtu wa kupokea tu. Ndipo kikundi kimoja cha maigizo kikakosa mtu wa kushika mswada, yule anayefuatilia mistari na kumnong'oneza mwigizaji anapopotea. Wakaniomba mimi. Nilikubali kwa kuwa kazi ile haikunitaka nizungumze na mtu.

Kumbe ni kazi nzito. Mwigizaji akinyamaza jukwaani, wewe uliyeshika mswada lazima ujue kama ananyamaza kwa makusudi au amepotea. Ukimrushia mstari mapema, umemvunjia ukimya alioujenga kwa wiki kadhaa. Ukichelewa, hadhira imeshajua. Kwa hiyo unajifunza kumsoma mtu: mabega, macho, namna anavyovuta pumzi. Tangu msiba sikuwa nimemtazama binadamu yeyote kwa makini kiasi kile. Na jioni moja nilipougua, mazoezi yalisimama. Walinipigia simu si kunipa pole, bali kuuliza kesho nitakuja saa ngapi. Niliilia simu ile kwa furaha.

Aliyepata maana ya maisha kupitia jukwaa asimulie. Aliyeumizwa nalo pia asimulie, tusidanganyane.

Hakimu wa Jumatano

Pole kwa msiba, mama, na asante kwa kufungua mlango.

Mimi nilitumikia kifungo. Kosa langu si mada ya leo. Mle ndani kulikuwa na mazoezi ya maigizo kila Jumatano, na watu wasiowahi kufungwa hawawezi kujua uzito wa jambo hilo. Gerezani siku zote ni moja. Ukipata Jumatano, Jumanne inakuwa siku ya kukariri na Alhamisi inakuwa siku ya kubishana jinsi tulivyocheza. Wiki inapata sura.

Mwongozaji alinipa nafasi ya hakimu. Nilikataa kwa hasira, nikaona ananidhihaki. Akaniambia nisimcheze kama mtu mbaya, nitafute kwanza anaamini nini anapotamka ile adhabu. Nilihangaika na swali hilo kuliko mistari yenyewe. Nilipolipata jibu sikumsamehe mtu, na sidhani nilipaswa, lakini kwa mara ya kwanza nilikaa upande ule wa meza, nikayatazama maisha yangu kutokea pale, nikabaki mzima.

Baada ya kutoka ndipo nikasoma habari za gereza la San Quentin kule California. Novemba 1957 waigizaji kutoka San Francisco waliwapelekea wafungwa wapatao 1,400 tamthiliya ya Samuel Beckett, Waiting for Godot, ambayo watazamaji wengi wa nje walikuwa wakilalamika kuwa haieleweki. Wafungwa waliielewa. Watu wawili wanamngoja mtu asiyekuja. Nani amweleze mfungwa maana ya kungoja? Rick Cluchey, aliyekuwa na kifungo cha maisha, hakuruhusiwa kutoka seli usiku ule, akaisikiliza kupitia spika. Baadaye alishiriki kuanzisha kikundi cha maigizo mle mle gerezani, akaandika tamthiliya yake, akaachiliwa, na akaja kufanya kazi na Beckett mwenyewe. Nilipomaliza kusoma nilikaa kimya muda mrefu. Mtu alianzia kwenye sauti tu, ukutani, bila kuona hata jukwaa.

Babu Manju

Wanangu, habari za humu. Naandika polepole, mnivumilie.

Kiharusi kilinichukua maneno. Akili ipo, neno unaliona kabisa, halitoki. Watu wakaanza kunimalizia sentensi, na wengine wakawa wananisemesha kama mtoto mchanga. Nilikuwa mtu wa kuongea maisha yangu yote. Nikaona bora ninyamaze moja kwa moja kuliko kupata neno moja lisilo lenyewe.

Mtaalamu aliyekuwa akinifundisha kusema upya alinitaka niimbe. Nikaimba, beti nzima, bila kukwama. Hili halina muujiza. Kwa watu wengi kazi ya usemi iko zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko nilikoumia. Kuimba hushirikisha upande wa kulia pia. Inadhaniwa ndiyo maana mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba wimbo wa ujana wake.

Wagonjwa wenzangu na jamaa zao wakatunga igizo, na mimi nikawa msimulizi anayeimba. Mwongozaji, binti mdogo sana, aliweka kanuni moja: mzee akikwama, jukwaa zima linangoja, na ni marufuku mtu kummalizia. Mwanzoni ukimya ule ulinitisha. Kisha nikaona wenzangu wanautumia. Mmoja anatembea taratibu, mwingine anakunja nguo, na neno langu likija linakuta nafasi yake iko wazi.

Mke wangu alikuwa kiti cha mbele. Tangu usiku ule hanimalizii tena maneno, ananingoja. Sijapona, na daktari hajaniahidi kupona. Lakini nikianza sentensi nyumbani kwangu sasa ni yangu mpaka mwisho.

Si Jina Langu

Shikamoo babu. Nimesoma ulichoandika mara mbili.

Mama alisema hata walioumizwa waje, basi nimekuja. Niliishi na mume aliyenipiga. Nilipotoka, kikundi fulani kikaniomba nisimame jukwaani nisimulie mwenyewe, kwa jina langu, kila onyesho. Waliniambia kusimulia kunaponya. Watu walilia, wakapiga makofi, wakaenda kulala. Mimi nikarudi nyumbani mikono ikitetemeka, kwa sababu kila usiku nilipigwa upya, tena mbele ya watu. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala. Kwa hiyo tafadhali, tusiseme kwamba jukwaa linaponya. Inategemea nani ameshika hatamu ya hadithi.

Nilichokuja kukipenda ni ile namna ya kuigiza ya Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo Mbrazili. Mwaka 1971 utawala wa kijeshi wa nchi yake ulimkamata na kumtesa, kisha akaenda kuishi uhamishoni. Katika namna hiyo igizo fupi linaonyesha mtu anayeonewa, na linaisha vibaya. Halafu linaanza tena. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama", akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya yule anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Mwonevu naye halegezi. Anaendelea kubana kama watu wa aina yake wanavyobana.

Tulicheza igizo la mke na mume. Wahusika walikuwa na majina yao, nyumba yao, ugomvi wao. Mimi niliketi kwenye viti. Alipanda mwanamke mmoja akajaribu kukimbia. Mume alikuwa ameficha vitambulisho. Akapanda kijana akajaribu kupiga kelele. Majirani wakaongeza sauti ya redio. Akapanda bibi mmoja, yeye akaanza wiki moja kabla: akapeleka nakala za nyaraka kwa dada mtu, kisha ndipo akasubiri ugomvi uje. Ukumbi mzima ulisogea mbele. Nami nikanyoosha mkono, nikapanda, nikaongeza jambo ambalo ni mimi tu niliyelijua, yaani saa ambayo mtu kama yule huwa hayupo. Sikutaja jina langu. Baadaye mwanamke nisiyemjua alinifuata kuniuliza habari za nyaraka, na tukazungumza mpaka mlinzi akafunga ukumbi.

Kwangu maana ilikuwa pale. Kipigo hakikuwa na maana yoyote, na atakayeniambia kilikuja ili nijifunze, sitamsikiliza.

Mwanzisha uzi

Mwanangu, nimekusikia, na hilo la mwisho nakuunga mkono kwa nguvu zote. Hata Viktor Frankl, daktari aliyepitia kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo, na ndiye anayetajwa sana mtu akizungumzia maana katika mateso, alisema wazi kwamba mateso yanayoweza kuepukika yaepukwe. Kuyavumilia bila sababu si ushujaa.

Ameandika pia kwamba kambini kulikuwa na maonyesho ya kuungaunga: nyimbo, mashairi, vichekesho, katika kibanda kilichoachwa wazi kwa muda. Baadhi ya wafungwa, pamoja na uchovu wao wote, walikwenda kutazama ijapokuwa kwa kwenda walikosa mgao wao wa chakula cha siku. Nafikiria sana habari hiyo. Mtu mwenye njaa ya kiasi kile hapotezi supu kwa ajili ya burudani. Kuna kitu alikifuata, na nadhani babu ameshakieleza: mahali ambapo mwenzako anakungoja.

Fundi Taa

Mimi sijawahi kusema mstari hata mmoja. Nilipoachishwa kazi nilijifungia ndani, rafiki akanivuta nikawashe taa za onyesho lao. Giza la kubadilisha onyesho linadumu sekunde chache, na ndani yake watu wanakimbia na meza na viti. Nikiwasha mapema mtu anaonekana amebeba kiti, nikichelewa mwingine anajikwaa. Ni hivyo tu. Nimekaa nao mpaka leo.

Msomaji Mkimya

Nimewasoma kimya kimya. Nina mwaka mgumu, sitaki kuueleza. Kuna kikundi karibu nami, ila sina kipaji chochote. Nikiwaendea niseme nini?

Si Jina Langu

Usiwaeleze mwaka wako. Ukiona wanaudai ili wakupokee, ondoka. Keti nyuma siku moja ya mazoezi, utazame mwongozaji anamfanyaje mtu anayekosea. Ukiona anamdhalilisha, usirudi. Na kama usiku haukuletei usingizi kabisa, tafuta pia mtu wa afya ya akili. Kikundi hakichukui nafasi yake.

Hakimu wa Jumatano

Na uulize wamepungukiwa na nini. Kila kikundi kimepungukiwa na kitu.

Msomaji Mkimya

Nimekwenda. Mwongozaji wao ni mpole. Hawana mtu wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yule aliyekuwepo amehama. Wana makoti matatu ya askari na waigizaji watano wa kuyavaa, na mmoja wao ni mnene kuliko makoti yote. Nimeyabeba nyumbani. Kuna anayejua namna ya kupanua koti bila mshono kuonekana kutoka mbele?

Babu Manju

Fumua mgongoni, tia kipande katikati. Askari asigeuke.