Mnatufundisha kutenganisha taka, halafu lori lenu linazichanganya!

Wakuu, leo mnivumilie, nimechoka.

Huku kwetu Kawempe, Kampala, walipita vijana wenye fulana mpya na kipaza sauti: maganda peke yake, plastiki peke yake. Tukaitika. Jirani yangu, mama mwenye watoto wadogo, akanunua gunia la pili kwa pesa yake, nami vivyo hivyo. Lori likaja (likija, maana kuna wiki halionekani na hela wameshachukua), kijana akabeba magunia yote mawili akayamwaga pamoja mbele ya macho yetu. Kumuuliza, akacheka: "Mzee, si yote yanaenda sehemu moja?"

Halafu kwenye mikutano utasikia eti wananchi wa Kampala hawana elimu ya taka. Elimu ipi? Mji huu unakula matoke, gunia la jikoni likifunguliwa ni maganda tupu. Wenye ng'ombe na mbuzi wanayanunua. Wako wanaoyakausha, wakayachoma na kuyafinyanga kuwa makaa ya kupikia. Bibi zetu waliyarudisha kwenye migomba bila kuhudhuria semina yoyote.

Ambacho kipaza sauti hakikusema ni kwa nini tutenganishe. Maganda yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi inayowaka, na maji machafu yanayolowesha lundo zima. Kiteezi mnaikumbuka? Dampo la tangu 1996, kule Wakiso, lilishajaa miaka mingi na bado malori yakaendelea kupanda. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, likaporomokea nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 30. Maganda ya jikoni kwangu yalikuwemo mle, na ya kwako pia.

Na asiye na pesa ya lori? Anachoma kaveera (mifuko ya plastiki) usiku, moshi unaingia walikolala watoto. Au anasubiri mvua ianze, anamwaga mtaroni. Bwaise, mtaa wa bondeni, ikifurika tunawatukana wa Bwaise! Taka zinazopita mfereji wa Nakivubo zinaishia ziwani Victoria, Ghuba ya Murchison, na maji ya mabomba yetu yanavutwa hapo hapo Ggaba. Kaveera nyembamba zilipigwa marufuku 2009. Nenda duka lolote sasa hivi ukanunue sukari uone utafungiwa na nini.

Wale wa "anza na wewe mwenyewe", nimeshaanza, magunia mawili yako mlangoni. Ninachouliza ni hiki: kuna mtaa wowote hapa mjini ambako lori linachukua maganda siku yake na plastiki siku yake? Kama upo, mwenyekiti wenu wa LC1 (baraza la mtaa) aliwabana vipi hao wenye lori? Niandikieni hapa hapa, Jumapili tuna kikao na wa kwetu atakuwepo.