Tupeane uzoefu: muvi ya Hulk ilikukumbusha nini kuhusu hasira zako?

Msimulizi wa Usiku
Wadau habari zenu. Jana usingizi ulinikataa nikairudia ile Hulk ya 2003 ya mwongozaji Ang Lee, aliyocheza Eric Bana, ya yule mwanasayansi Bruce Banner ambaye akikasirika anageuka jitu kubwa la kijani. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa kijana, nilichokuwa nasubiri ni jangwani tu, pale anapokamata kifaru cha jeshi kwa mtutu na kukizungusha kama nyundo. Jana vifaru havikunigusa kabisa. Kilichonishika ni kule San Francisco, katoka chini ya barabara, askari wamemzunguka, helikopta juu, halafu Betty, mpenzi wake wa zamani, anamsogelea mikono mitupu na lile jitu linaanza kupungua, linapungua, linapungua, mpaka anabaki mwanaume wa kawaida amechoka hoi. Nikasimamisha picha hapo nikakaa gizani. Nilikumbuka siku mama alinishika begani katikati ya ugomvi na kaka yangu, hakusema neno, mkono tu, na mimi nikajikuta nimekaa chini. Sasa mama hayupo na ule mkono haupo. Nataka kujua kama kuna mwingine ile muvi ilimgusa hivi au ni mimi peke yangu. Karibuni tupeane uzoefu.

Chapa Tatu
Hauko peke yako mkuu.

Mzee wa Kaseti
Nyie mnaanzia 2003, sie tulianza na ile ya kwenye televisheni, ya Bill Bixby na Lou Ferrigno, ilianza 1977 ikaisha 1982. Hakukuwa na kompyuta pale, Ferrigno alikuwa anapakwa rangi ya kijani mwili mzima. Mimi kilichonikaa kichwani ni mara ya kwanza anabadilika. Usiku, mvua, pancha, anahangaika na gurudumu, spana inateleza anajiumiza, basi. Hakuna adui wala bomu, ni pancha tu. Nikasema huyu aliyeandika hii ananijua, maana mimi vitu vikubwa navivumilia, nimefiwa nimesimama imara, nimeachishwa kazi nimesimama imara, lakini nati ikigoma kufunguka naona mishipa ya shingo inanivuta. Nilishawahi kuipiga teke gari langu mwenyewe kwenye mvua mpaka nikavunjika kidole cha mguu, wanangu wawili wananiangalia kupitia kioo cha nyuma. Hawakulia, walikuwa wananiangalia tu.

Dk Bana
Mzee wa Kaseti umenena, ila kwenye ile ya televisheni walimwita David Banner, sio Bruce. Na kwenye ya 2003 David ni jina la baba yake, yule wa Nick Nolte. Watu huwa wanachanganya.

Mzee wa Kaseti
Najua kijana wangu, nimeitazama kabla hujazaliwa.

Kitabu Kwanza
Na kama tunarudi nyuma turudi kabisa. Hulk alianzia kwenye kitabu cha katuni cha Stan Lee na Jack Kirby, 1962, na toleo la kwanza hakuwa wa kijani, alikuwa wa kijivu, uchapaji ukawa unaleta kijivu kisichoeleweka, ukurasa huu hivi ule vile, toleo la pili wakaamua kijani.

Suruali ya Zambarau
Tuongee ukweli, ya 2003 ilikuwa ndefu, dakika 138 na jitu lenyewe unalisubiri mpaka unakata tamaa, halafu likija linaonekana kama mpira uliopulizwa. Ya 2008 ya Edward Norton ndo Hulk mwenyewe. Pale Brazil kajificha anafanya kazi kiwanda cha soda, ana saa mkononi inayopima mapigo ya moyo, anafundishwa kupumua na yule mwalimu anampiga makofi ili ajizuie. Hilo ndo somo la hasira, sio kugawa skrini vipande vipande kama kurasa za katuni.

Dk Bana
Vile vipande ndo muvi yenyewe, aliifanya ifanane na kitabu cha katuni ilikotoka. Na Ang Lee alivaa vifaa vya kunasa miondoko akaigiza jitu yeye mwenyewe ili wachoraji wapate anachotaka. Mwongozaji anayepiga ngumi hewani mwenyewe hajafanya mchezo.

Suruali ya Zambarau
Alipiga ngumi vizuri ila mpira ulibaki mpira.

Msimulizi wa Usiku
Jamani tusibadilishe mada, ipi nzuri ipi mbaya kuna siku yake. Uzoefu wadau.

Kitufe Kimoja
Mimi huwa nasoma tu humu siandiki, leo ngoja niandike maana hii mada imenikuta pabaya na nikiiacha sitalala.

Mwenzenu nafanya kazi nyumbani kwenye kompyuta. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi, siku tatu nimekesha nayo. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, ndo anajifunza herufi, akaja akachomoa waya ukutani achomeke taa yake ya kuchezea. Skrini ikazima. Kazi ya tangu mchana ikaenda, sikuwa nimehifadhi, kosa langu, najua. Nakumbuka nilisimama kwanza. Sikupiga kelele. Nilinyanyua kibodi kwa mikono miwili nikaipiga ukutani, ikapasuka, nikaokota kipande kilichobaki nikapiga tena, na tena. Vitufe vikamwagika chumba kizima, vingine viligonga dirisha. Sikumgusa mtoto, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, lakini alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu.

Nilipotulia nikasikia kitu kinasugua sakafu. Geuka, namwona amepiga magoti anaokota vitufe anavipanga kwenye zulia. Anavipanga kwa alfabeti. Akaniambia, baba nimepata A, nimepata na C, B bado naitafuta, usikasirike naitafuta. Midomo inatetemeka lakini anaokota. Nilikaa chini nikashindwa hata kumwambia aache.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki mbili baadaye mke wangu akaweka ile muvi ya 2003, hakujua itakuwa nini kwangu. Kuna sehemu Bruce yuko na Betty, kimya, anamweleza kwamba kinachomtisha zaidi sio lile jitu, ni kwamba likimjia na akapoteza udhibiti kabisa, anapenda. Nilitoka nje. Mke wangu alidhani naenda kupokea simu. Kwa sababu ni kweli. Ule wakati kibodi inapasuka mara ya pili, kabla sijageuka, nilisikia raha. Nilisikia mwepesi, kama mtu katua mzigo wa kilo mia. Sijawahi kumwambia mtu hilo, hata mke wangu, nawaambia nyie kwa sababu hamnijui sura.

Chapa Tatu
Duh.

Mama Mapacha
"B bado naitafuta." Kaka nimeweka simu chini nikaenda kuwaangalia wanangu wamelala.

Mkweli Daima
Samahani ila lazima mtu aseme. Mtoto anaokota vitufe na wewe unaongelea raha? Leo kibodi, kesho nini? Msimpambe huyu mtu kwa sababu kaandika vizuri.

Mzee wa Kaseti
Mkweli Daima, punguza. Aliyekuja kusema mwenyewe usimpige mawe mlangoni. Wanaume wangapi humu wana hiyo raha na watakufa nayo.

Mkweli Daima
Mzee nakuheshimu lakini nimetoka kwenye nyumba ya namna hiyo, sina lugha nyingine.

Kitufe Kimoja
Mkweli Daima hujakosea. Hilo swali la "kesho nini" ndilo lililonipeleka kwa mshauri nasaha, naenda mwaka wa pili sasa.

Dk Bana
Ndo maana naitetea ile muvi. Hulk wa 2003 anakua kadiri anavyokasirika, anaanza futi 9, anaenda 12, anafika 15. Ukimpiga unamlisha. Jeshi zima halikuelewa hilo. Sasa wale wanaoshauri watu wapige mto au gunia la mazoezi ili hasira itoke, wameshapima watu kwa hilo, anayepiga huku anamfikiria aliyemuudhi hatulii, hasira inapanda.

Gunia la Mchanga
Napinga. Mimi gunia limeniokoa ndoa. Narudi nyumbani nimelowa jasho sina hata nguvu ya kubishana.

Dk Bana
Hapo ni uchovu ndugu, sio gunia. Ungelala tu ingekuwa vilevile.

Gunia la Mchanga
Njoo uishi na mimi wiki moja bila gunia halafu uniambie habari za kulala.

Mama Mapacha
Ushauri wangu kwa kaka wa kitufe, maji ya baridi usoni, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, moyo unapungua mbio wenyewe. Ile saa ya Norton naichukulia kwa uzito kabisa, mimi ninayo na natazama namba. Nikivuka 110 nimekaa tu kwenye kiti najua hilo ni jambo jingine, nanyamaza.

Chapa Tatu
Hesabu mpaka kumi.

Gunia la Mchanga
Kuhesabu kunanipandisha zaidi, nikifika saba nishachagua cha kurusha.

Mzee wa Kaseti
Toka nje utembee.

Mama Mapacha
Mzee, kutoka bila kusema unakwenda wapi ni jeraha jingine. Anayebaki ndani hajui kama unarudi. Sema kabla ya kutoka, narudi baada ya nusu saa, na urudi kweli.

Suruali ya Zambarau
Na Bruce mwenyewe dawa yake siku zote ni kukimbia, anahama nchi. Kwenye ya 2008 akiwa safarini anaulizia suruali inayovutika. Mtu kashajua atabadilika tena, anajiandaa tu isichanike. Mwanzoni niliona kichekesho, sa hivi naona huruma. Mimi pia nilinunua glasi za plastiki nyumbani kwangu. Sikubadilika mimi, nilibadilisha glasi.

Msimulizi wa Usiku
Suruali ya Zambarau hiyo ndo ungeandika tangu mwanzo badala ya mpira.

Suruali ya Zambarau
Mpira ulibaki mpira mkuu, hayo ni mambo mawili.

Nyuma ya Mlango
Mimi ni dada, na mnaongea wote kama Hulk. Nataka kuongea kama aliyekuwa upande wa pili.

Wengi mnaiogopa au mnaisifia pale anapovunja vitu. Mimi kwenye muvi ile nilichoogopa ni mlango. Ule anaouota kila mara, mlango wa nyumba ya utotoni, umefungwa, anasikia kelele nyuma yake na hakumbuki ni nini. Mpaka mwisho ndo tunajua baba yake alikuja na kisu akitaka kumuua yeye mtoto, mama akaingia katikati, akafa yeye. Na mtoto akasahau. Alipokuwa mkubwa anaambiwa ana hasira, kumbe ile haikuwa hasira, ni mtoto wa miaka minne kajawa na hofu isiyo na pa kutokea, imepewa tu mwili mkubwa.

Kwetu hakukuwa na kisu. Kulikuwa na mlango wa chumba cha wazazi, rangi ya kahawia, na chini yake upenyo wa mwanga. Nilikuwa nalala sakafuni nikiangalia vivuli vya miguu kwenye ule mwanga. Miguu ya baba ikisimama katikati muda mrefu, nilijua. Ikiwa inatembea, nilijua bado. Nilikuwa naweza kusoma baba yangu kwa viatu. Na asubuhi kila mtu anasalimiana kama kawaida, ndo kinachomwendesha mtu kichaa, ile asubuhi. Kaka wa kitufe, swali langu kwako moja tu: asubuhi yake ulimwambia nini mtoto?

Kitufe Kimoja
Dada, usiku uleule nilikaa naye kwenye zulia tukatafuta B. Nilimwambia baba amefanya jambo baya, wewe hujafanya. Akaniuliza, hata waya? Nikasema hata waya. Tuliipata B chini ya kabati. M hatujaipata mpaka leo. Sikujua niseme nini zaidi ya hapo.

Nyuma ya Mlango
Hilo la "hata waya" mimi ningelisubiri miaka thelathini.

Mkweli Daima
Kaka, nilichosema sikifuti, ila hapo nimekusikia.

Mzee wa Kaseti
Wanangu wale wa kwenye kioo wana miaka ishirini na kitu sasa. Ngoja niweke simu chini kidogo.

Chapa Tatu
Dada wa mlango, mzee wako bado yupo?

Nyuma ya Mlango
Yupo, amezeeka, amekuwa mpole sana, wajukuu wanamparamia mgongoni. Nilimpigia leo mchana baada ya kusoma ya kaka wa kitufe. Tumeongea kama robo saa, habari za goti lake na dawa zake. Mlango sikuugusa. Nimemwambia ntampigia tena Jumapili.